Biashara Ndogo, Hofu Kubwa



Kila mara wafanyakazi wanapopunguzwa, huja ofisini kwetu na swali moja: "Sasa tutakula nini?" Chama huwapigania wapate haki yao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu akiondolewa kwa sababu kazi imepungua, sharti alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Basi hesabuni wenyewe. Aliyefanya kazi miaka 10 hupata siku 150, yaani kama miezi mitano. Na mwezi wa sita, je?

Katika miaka ya 1990 watumishi wengi wa Serikali walistaafishwa mapema wakapewa fedha mkononi. Wako waliofaulu. Lakini mtu ambaye hajapata kuuza hata kibiriti, akianza siku hiyo kwa fedha zake zote, amejitia hatarini. Kwa hiyo twasema: jifunzeni biashara sasa, mshahara ungali unaingia. Ukikosea kwa shilingi 500 utaumia wiki moja. Ukikosea kwa malipo ya miaka 10, watoto watatoka shuleni.

Sababu za kungoja tumezisikia zote. Tuzitazame moja moja.

"Sina mtaji." Biashara ya mboga, ya mayai au ya kushona haitaki maelfu mengi. Tena viko vyama vya akiba na mikopo. Vingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, akiwa na wadhamini. Ila angalieni: sheria hiyo hiyo hairuhusu makato yote yapite theluthi mbili za mshahara. Anayekopa mpaka ukingoni, hapo amejifunga mwenyewe.

"Watu watanicheka." Watu gani? Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya Kenya ilieleza kwamba kazi hizi ndogo, tuziitazo jua kali, zilikuwa na faida, ijapokuwa wenye mamlaka walizisumbua. Anayekucheka leo hatakulipia kodi ya nyumba kesho.

"Ndugu na majirani watakopa wasilipe." Hofu hii ina haki. Dawa yake ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kilichoingia na kilichotoka, na pesa ya biashara isikae mfuko mmoja na pesa ya unga. Mjomba akija, mwonyeshe daftari; ni rahisi kuliko kumwambia hapana.

"Askari wa kaunti watanichukulia vitu." Pia ni kweli kwamba hutokea. Uliza kwanza bei ya kibali, ujue mahali panaporuhusiwa, ndipo ununue bidhaa. Wauzaji wa mahali pamoja wakiungana, husikilizwa kuliko mmoja anayelia peke yake. Hilo sisi wa chama hatuhitaji kufundishwa.

Soma pia mkataba wako wa kazi, maana iko inayokataza shughuli nyingine. Wala usiuze saa za mwajiri, usije ukampa sababu ya kukufukuza.

Lakini tusieleweke vibaya. Iwapo mwajiri atasema, "Mishahara haipandi, nendeni mkauze mandazi," jibu letu ni kwamba kazi ya siku nzima sharti imlishe mfanyakazi. Kibanda cha mke au mume si nyongeza ya mshahara iliyotolewa na kampuni.

Na wewe utakayefanikiwa hata ukaajiri kijana wa kukusaidia, mlipe kwa wakati, kiasi kisichopungua kile cha sheria. Itakuwa aibu mwanachama wetu kugeuka mwajiri wa namna ile tunayoipinga kila siku.

Mwezi huu weka kando kiasi kidogo, nunua daftari, uulize bei sokoni. Usingoje barua ya kuachishwa kazi ndiyo ikuamshe.

Umoja ni nguvu.

Mhariri