Mzigo Ufungwe Hapa Hapa

Hivi karibuni nilitembelea chumba cha kompyuta cha shule moja mkoani Tabora. Mashine nyingi zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Hazikuwa mbovu. Mfumo endeshi wake ulikuwa nakala isiyo na leseni, usiosasishwa na ulioelemewa na virusi. Mwalimu aliniambia kwa upole kwamba wanamsubiri fundi kutoka Dar es Salaam.

Nilikumbuka kwamba karibu na hapo, Kwihara, David Livingstone alikaa kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akisubiri watu na vifaa kutoka pwani. Yeye alikuwa mgeni, na subira yake inaeleweka. Sisi wenyeji tunasubiri nini?

Unyanyembe haikuwa kituo cha kusubiri tu. Misafara kutoka Bagamoyo ilivunjwa hapo, wapagazi wapya wakaajiriwa, na njia ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Sisifii biashara ile, kwa maana ilisafirisha pia watumwa. Nasema tu kwamba Wanyamwezi walijua kupanga mzigo kulingana na safari iliyo mbele.

Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na watengenezaji wa mifumo endeshi huria. Kiini cha Linux, kilichofuata nyayo za Unix, kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Debian ilianza mwaka 1993 kwa kukusanya kiini hicho na programu nyingine katika vifurushi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliichukua Debian, akaipanga upya, akaiita Ubuntu. Hakuomba ruhusa, kwa sababu leseni huria zinamruhusu kila mtu kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa.

Ruhusa hiyo ni yetu pia. Kwa zana iitwayo live-build, mhitimu wetu aweza kuandika orodha ya vifurushi vinavyohitajika shuleni, kuondoa visivyohitajika, kuweka LibreOffice na vitabu vya masomo, kisha kuzalisha taswira ya usakinishaji, yaani faili moja lenye mfumo mzima. Faili hilo likiwekwa kwenye flashi, mwalimu wa Sikonge au Urambo ataweza kusakinisha mfumo katika mashine zote bila intaneti.

Wapo watakaosema kwamba tulishajaribu. Ni kweli. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leo nikiwauliza wanafunzi wangu, ni wachache waliowahi kuisikia. Somo ninalolipata ni kwamba kutengeneza ni rahisi kuliko kutunza. Dosari za usalama hugunduliwa kila mara, na anayegawa mfumo bila kuusasisha anagawa hatari. Kwa hiyo tusijitenge na Debian; tupokee masahihisho yake, tuyahifadhi katika ghala la hapa nchini, na tuongeze tu kile kinachotuhusu. Na watunzaji walipwe mshahara. Wasitegemee ufadhili wa mradi wenye tarehe ya mwisho.

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Je, kompyuta anayoandikia karani hukumu hiyo inazungumza lugha gani, na nani ana mamlaka ya kuibadili? Mamlaka ya Serikali Mtandao na vyuo vyetu vikuu vina wataalamu wa kulijibu swali hili kwa vitendo. Waanze na wilaya moja, kwa mashine zilizopo.

Nchi inayoweza kuandika sheria zake kwa lugha yake haipaswi kushindwa kufunga mzigo wake yenyewe. Yule mwalimu hahitaji msafara kutoka pwani. Anahitaji flashi moja, na mtu wa kumpigia simu aliye Tabora.