Mji wa Anasa na Kisiwa cha Mateka

Juma hili nataka kuwapeleka mbali na mashamba na meza zetu za ofisini, hadi pwani ya kusini ya Ufaransa, katika mji uitwao Cannes. Wengi wenu mmelisikia jina lake kwa ajili ya sinema. Wachache wamepata kusikia habari za kisiwa kilicho mbele yake, nacho ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu.

Nilikwenda huko peke yangu, kwa siku moja ya Jumamosi, nilipokuwa katika mji wa Nice kwa masomo mafupi ya kazi. Kusafiri peke yako kuna taabu zake, maana hapana wa kukulindia mzigo wala wa kustaajabu pamoja naye. Walakini kuna faida moja kubwa: waweza kusimama mahali utakapo kwa muda utakao, wala hapana atakayekuhimiza. Treni kutoka Nice haichukui hata saa moja, na sehemu kubwa ya njia hupita kando ya bahari, hata msafiri asipende kuondoa macho dirishani.

Msidhani kwamba Cannes ulikuwa mji wa matajiri tangu zamani. Hadi mwaka 1834 palikuwa mahali padogo pa wavuvi. Mwaka huo Mwingereza mmoja mwenye cheo, Lord Brougham, alikuwa akisafiri kwenda Italia, akazuiwa mpakani kwa sababu ya karantini ya kipindupindu. Basi akakaa Cannes, na hali ya hewa ikampendeza hata akajenga nyumba huko. Wakubwa wenzake wakamfuata, na reli ilipofika mwaka 1863 wageni wakazidi kumiminika. Huyu Brougham ndiye aliyekuwa Lord Chancellor wa Uingereza wakati ilipopitishwa sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Kiingereza, naye alikuwa ameipinga biashara ya watumwa kwa miaka mingi. Alifariki Cannes mwaka 1868, na sanamu yake ipo mjini.

Barabara kuu ya pwani huitwa La Croisette. Upande mmoja kuna mchanga, mitende na bahari. Upande wa pili kuna mahoteli makubwa meupe na maduka ambayo hata vitambaa vyake vya mkononi ni vya kutazamwa tu na mtu wa mshahara kama wangu. Mwisho wa barabara hiyo, karibu na bandari ya zamani, limesimama jumba la tamasha la filamu. Tamasha hilo lilikusudiwa kuanza mwaka 1939, lakini vita vikalizuia, na likafanyika mara ya kwanza mwaka 1946. Tuzo yake kuu ni Kuti la Dhahabu, ambalo lilianza kutolewa mwaka 1955. Sisi wa Kenya nasi tumepata kuingia katika jumba hilo: mwaka 2018 filamu ya Rafiki, ya Bibi Wanuri Kahiu, ilikuwa ya kwanza kutoka nchi yetu kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha.

Kwa mkulima ningesema aiache La Croisette mapema, aende katika soko la Forville asubuhi. Huko ataona mboga, matunda na samaki vimepangwa kwa unadhifu mkubwa. Nyuma ya soko kuna kilima cha Suquet, ambacho ndicho mji wa kale, chenye vichochoro vyembamba, kanisa na mnara. Ukipanda hadi juu waona bandari yote chini yako, na mbele, ng'ambo ya maji, waona visiwa viwili vya kijani. Kimoja ni Saint-Honorat, ambako watawa walianza kuishi katika karne ya 5 na hata leo hulima mizabibu yao wenyewe. Kilicho karibu zaidi, na kikubwa zaidi, ni Sainte-Marguerite.

Chombo cha kwenda Sainte-Marguerite huondoka upande wa magharibi wa bandari ya zamani, nacho huvuka kwa muda wa robo saa hivi. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 3 hivi. Hakuna motokaa za wageni wala kelele. Mtu hutembea chini ya misonobari na mikaratusi, na ile harufu ya mikaratusi ilinikumbusha nyumbani, ingawa mti huo ni mgeni huko kama ulivyo mgeni kwetu, maana asili yake ni Australia.

Juu ya mwamba, ikiuelekea mji, ipo ngome ya karne ya 17 ambayo ilitumika kama jela ya serikali. Wageni wengi huja kuona chumba kimoja tu: chumba cha mfungwa aliyefichwa uso. Alikaa humo kuanzia mwaka 1687 hadi 1698, kisha akahamishiwa Paris katika jela ya Bastille, akafa mwaka 1703. Watu husema kinyago chake kilikuwa cha chuma, lakini yamkini kilikuwa cha mahameli. Jina lake lingali likibishaniwa na wataalamu. Ngome hiyohiyo ilimfunga Jemadari Bazaine, aliyeusalimisha mji wa Metz kwa Wajerumani mwaka 1870. Naye alitoroka usiku mmoja wa Agosti 1874.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Tarehe 16 Mei 1843, jeshi la Ufaransa liliuteka mji wa mahema wa Amiri Abd el-Kader, aliyekuwa akiipigania Algeria. Mamia ya Waalgeria, wanaume, wanawake na watoto, waliletwa kufungwa Sainte-Marguerite katika miaka ile, na wengine wakafuata baadaye. Si wote waliorudi kwao. Msituni, si mbali na ngome, yapo makaburi ya Waislamu, nayo ni mawe tu yaliyopangwa ardhini chini ya miti. Nilivua kofia, nikasimama kimya.

Nilipokuwa nimesimama pale niliwaza neno hili. Mfungwa mmoja ambaye hakuna ajuaye jina lake ameandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu, na watu huvuka bahari kuja kutazama kuta zake. Waalgeria wale walikuwa na majina, na mama zao waliyajua, lakini wageni wengi hupita njiani bila kugeuza kichwa. Si kwamba mahali pale pamefichwa. Ni kwamba mtu huona lile aliloambiwa atazame.

Walakini historia ina njia zake. Mwaka 1975, katika mji huohuo unaotazamana na kisiwa, filamu ya Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria, inayosimulia jinsi taifa lake lilivyofikia vita vya uhuru vya mwaka 1954, ilipewa Kuti la Dhahabu. Sijui kama siku ile yupo aliyetazama ng'ambo ya maji akawakumbuka wale wa 1843.

Sisi nasi tusijione tu mbali na habari hii. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya mwaka 1952 na 1960, watu wetu walizuiliwa katika visiwa vya Manda, huko Lamu, na Mageta katika Ziwa Victoria. Wazee waliopita humo wanazidi kupungua kila mwaka. Aliye na baba, babu au jirani aliyekaa huko na amwendee jioni moja, amwombe amtajie majina ya wenzake, ayaandike katika daftari pamoja na kijiji cha kila mmoja. Kazi hiyo haihitaji nauli ya kwenda Ufaransa, na kalamu ya karani yatosha.