Usaliti Hautoshi: Sheria ya Mkoloni, Mfungwa wa Uhuru na Udhaifu wa Uhakiki wa Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, neno "usaliti" limegeuzwa kuwa ufunguo wa kila kufuli. Riwaya ikimchora waziri mlafi, tamthilia ikimwonyesha mwenye shamba mpya akiwafukuza maskwota, diwani ikiomboleza njaa katikati ya neema, mhakiki huhitimisha upesi kwamba mwandishi anawashutumu viongozi waliousaliti uhuru. Hitimisho hilo lina ukweli wake, wala ulafi wa tabaka lililotwaa madaraka mwaka 1963 hauwezi kukanushwa. Hata hivyo, linaficha jambo zito zaidi. Ili usaliti utokee, sharti kiwepo kwanza kitu kamili cha kusalitiwa. Makala haya yanadai kwamba uhuru wa Kenya haukukabidhiwa ukiwa kamili: masharti yake yaliandikwa kwa kushirikiana na mtawala aliyekuwa akiondoka, na uhakiki usioyasoma masharti hayo hauwezi kuielewa fasihi iliyozaliwa chini yake.

Masharti yenyewe si siri. Mikutano ya Lancaster House, London, ya 1960, 1962 na 1963 ilizaa katiba iliyolinda mali ya watu binafsi, yakiwemo mashamba ya walowezi. Kwa hiyo ardhi iliyokuwa imenyakuliwa haikurudishwa, ilinunuliwa. Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, uliendeshwa kwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, na mkulima aliyegawiwa kipande akauanza uraia wake akiwa mdaiwa. Katiba hiyo hiyo ilimtaka mbunge ajue Kiingereza; Kiswahili hakikupata kibali bungeni hadi 1974. Nayo Kanuni ya Adhabu, iliyotumiwa kumhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria mnamo 1953, ilivuka usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ikiwa salama. Iliandamana na Sheria ya Mamlaka ya Machifu ya 1937, pamoja na sheria ya kulinda usalama wa umma iliyotungwa 1960, wakati Hali ya Hatari ilipokuwa ikiondolewa, ili uwezo wa kumtia mtu kizuizini bila mashtaka usiondolewe pamoja nayo.

Mhakiki atauliza mambo haya ya mawakili yanaihusu nini fasihi. Jibu limo katika kisa cha Abdilatif Abdalla. Mwishoni mwa 1968, kijana huyu wa Mombasa, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliandika na kusambaza kijikaratasi kilichoitwa "Kenya: Twendapi?", akilalamikia jinsi chama cha upinzani, KPU, kilivyokuwa kikikandamizwa. Mwaka 1969 alihukumiwa kwa kosa la uchochezi. Mahakama ilimpa kifungo cha miezi kumi na minane. Serikali ikakata rufani, kifungo kikafanywa miaka mitatu. Kosa la uchochezi halikubuniwa na serikali ya Kenyatta. Lilikuwa kosa la himaya, lililowekwa katika sheria za makoloni ili Mwafrika asithubutu kuyatilia shaka mamlaka ya Gavana. Mwandishi wa Kiswahili alifungwa na taifa huru, kwa sheria ya mkoloni iliyoandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu ya kuuliza taifa hilo linaelekea wapi.

Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikatunukiwa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta. Wahakiki wengi wameisoma kama kilio cha nafsi iliyoonewa, wakasifu subira ya mshairi na umahiri wake wa arudhi. Wale wanaojali siasa wamelisoma gereza hilo kama alama ya usaliti. Makundi yote mawili yanamtafuta mfungaji mwenye sura ya mtu. Lakini sauti ya diwani hii inapambana na kitu kisichokuwa na uso: utaratibu uliotangulia utawala uliomfunga mshairi, na ambao uliendelea kufanya kazi baada ya utawala huo kwisha. Gakaara wa Wanjaũ alitiwa kizuizini na serikali ya kikoloni mnamo 1952, na akakamatwa tena na serikali ya Kenya huru mnamo 1986. Mwezi Novemba 1977, kibali cha kuigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kule Kamĩrĩĩthũ kiliondolewa na Mkuu wa Wilaya, afisa ambaye cheo chake na uwezo wake wa kutoa na kunyima kibali vilirithiwa kutoka kwa mkoloni. Ilipofika tarehe 31 Desemba mwaka huo, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekamatwa ili awekwe kizuizini bila kushtakiwa. Marais walibadilika, vyama vikabadilika. Utaratibu ulibaki ule ule.

Yapo mapingamizi. Itasemwa kwamba hoja hii inawasafisha viongozi Waafrika kwa kumtupia mkoloni lawama zote. La hasha. Inawaongezea mashtaka. Anayeelezwa kama msaliti anaweza kujitetea kwamba alighilibiwa na mali au alizidiwa na tamaa. Lakini bunge la Kenya huru lilipopanua uwezo wa kuwatia watu kizuizini mnamo 1966, hapakuwa na Gavana aliyeliamrisha. Warithi waliuchunguza urithi, wakaona unawafaa, wakauongeza. Huo si udhaifu wa kimaadili. Ni uamuzi wa kisiasa, na ndivyo unavyopaswa kuhakikiwa. Uhakiki wa usaliti ndio unaowasafisha, kwa kuwa unauacha mfumo na kuhubiri juu ya tabia.

Inafaa pia kuuliza ni kwa nini mahubiri hayo yanawaridhisha wahakiki. Sehemu ya jibu imo katika historia ya taaluma yenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ilikagua miswada ya vitabu vya shule na kutoa idhini kwa vile vilivyokubalika. Swali lake lilikuwa moja: je, kitabu hiki ni sanifu na kinafaa? Swali hilo lingali linatawala mihadhara na tahakiki nyingi, japo limevikwa istilahi za maudhui na fani. Kitabu kinapimwa kwa usafi wa lugha na ubora wa funzo lake. "Viongozi wasiwe wasaliti" ni funzo linaloweza kutahiniwa kwa usalama. Ni nani aliyeiandika sheria iliyomfunga mshairi, na ni nani aliyekataa kuifuta, ni maswali yasiyo na nafasi katika karatasi ya mtihani.

Kosa la uchochezi lilifutwa 1997. Kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomwadhibu anayedhoofisha mamlaka ya afisa wa umma, kilidumu hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha mwaka 2017. Katika mabadiliko haya yote, wanasheria na wanaharakati ndio waliosikika. Idara za fasihi, zinazowafundisha waandishi waliofungwa kwa sheria hizo, hazikusikika ipasavyo. Njia ya kurekebisha hali hii haihitaji nadharia mpya kutoka ng'ambo. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu juu ya Sauti ya Dhiki alazimishwe kuisoma sheria ya uchochezi kama anavyosoma kanuni za arudhi, na anayeandika juu ya riwaya ya maskwota aisome katiba ya 1963. Wasimamizi wa tasnifu wanaoliona jambo hili kuwa nje ya fasihi wanapaswa kueleza ni kwa nini serikali mbili, ya kikoloni na ya uhuru, hazikuwahi kuwa na maoni hayo.