Mchanga wa Machakos Ubaki Mtoni

Colin Maher, afisa wa kuhifadhi udongo katika serikali ya kikoloni, aliikagua Machakos mwaka 1937 akaikatia tamaa. Kwa maoni yake ardhi ile ilikuwa inageuka jangwa la mawe na mchanga. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliotoa picha tofauti kabisa: kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka takriban mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vilikuwa vimechimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, kilima baada ya kilima, kwa jembe na mikono.

Kuna jambo jingine ambalo Maher hakuliona. Mchanga aliouhesabu kama dalili ya uharibifu ndio ghala la maji la Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Machakos imo.

Teremka kwenye mto mkavu mwezi wa Septemba. Mama anafukua mchanga kwa sufuria mpaka shimo linamfika kiunoni. Chini maji yanaanza kuchuruzika. Anasubiri yatulie, kisha anachota kikombe kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae, punda akingoja kando. Maji hayo ni ya mvua ya Aprili. Yamejificha kati ya chembe za mchanga, jua haliyafikii, na polepole yanapenya kingoni yakanywesha mizizi ya miti.

Bwawa la mchanga linaikuza hifadhi hiyo. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu; mafuriko yanaleta mchanga mzito unaotua nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu. Kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978, kimeeneza ujenzi huu kwa miongo mingi. Mwaka 2016 watafiti Cate Ryan na Paul Elsner walichapisha matokeo ya kulinganisha picha za setilaiti za sehemu zenye mabwawa hayo nchini Kenya na sehemu zisizo nayo. Mimea karibu na mabwawa ilikuwa na ukijani zaidi, hata wakati wa ukame. Kwa eneo lililokosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, huo si ugunduzi wa kuwekwa kabatini.

Sasa tazama malori. Nairobi inajenga, Mavoko inajenga, na mchanga unachotwa mtoni hadi mwamba ubaki wazi. Mvua ikinyesha, maji yanapita mbio na hakuna kinachobaki cha kufukuliwa Septemba.

Wanaotetea biashara hii wana hoja nzito. Kijana anayepakia lori kwa sepetu hulipwa siku hiyo hiyo, wakati mahindi yanaweza kumtupa misimu miwili. Kaunti nayo hukusanya ushuru. Siwezi kumlaumu kijana huyo. Lakini anachopata jioni moja ni kidogo mno kikilinganishwa na hasara ya kijiji kilichopoteza maji yake, na ushuru ule haujumuishi mwendo wa ziada ambao mama na punda wake watatembea.

Makueni, iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi 1992, ilitunga sheria mwaka 2015, ikaunda mamlaka ya kulinda mchanga na kuzuia usiuzwe nje ya kaunti. Machakos ina sheria yake, ila sheria inayosimamia uchotaji haitoshi pale ambapo mto wenyewe unahitaji kupumzishwa.

Wawakilishi wa wadi wakataze kabisa uchotaji wa mchanga katika mito ya msimu ambayo watu na mifugo hunywa maji yake, hasa penye mabwawa ya mchanga. Wajenzi wapewe mchanga wa mawe yaliyosagwa kutoka machimbo kama ya Mlolongo. Na vijana walipwe kujenga kuta na matuta, tena kwa malipo ya siku, kutoka kwenye ushuru huo huo uliokusanywa kwa miaka yote hii. Wawakilishi wasipofanya hivyo kabla ya mvua za Novemba, waulizwe wakati wa kura.