Kilemba Hiki Ni cha Nani?

Mwanafunzi mpendwa, leo tulishike neno moja tu: kilemba. Umefundishwa kuwa kilemba ni kitambaa kizungushwacho kichwani. Ni kweli, lakini maana haikuishia hapo. Katika desturi za Waswahili, kilemba ni pia zawadi ya fedha: mwanagenzi aliyehitimu humpa fundi wake, na upande wa bwana arusi huwapa wakubwa wa bibi arusi. Hutolewa kwa mtu aliyelea au aliyefundisha, yaani mtu aliyetoa jasho.

Sasa nenda Kariakoo, jijini Dar es Salaam, uulize bei ya fremu ya duka. Kabla hujatajiwa kodi ya mwezi utatajiwa kilemba, nacho ni fungu la fedha ulipalo ili ukubaliwe tu kuwa mpangaji. Halihesabiwi katika kodi, wala halirudishwi utokapo. Huku kwetu Kampala, katika vichochoro vya Kikuubo na majengo yaliyo jirani na soko la Owino, jambo hilohilo huitwa kwa jina la Kiingereza, gudwili. Nairobi nako ni vivyo hivyo. Majina ni mawili, mfuko utobolewao ni mmoja.

Mimi nasema malipo haya hayana msingi wa haki, na nitakueleza kwa nini.

Watetezi wake husema hilo ni soko huria: mwenye jengo anauza, mwenye haja ananunua, nani kalazimishwa? Basi na tuulize ni kitu gani kinachouzwa. Gudwili kwa maana yake halisi ya kibiashara ni thamani ya jina jema na wateja ambao mfanyabiashara amewajenga kwa miaka. Muuza vitenge aliyekaa mahali pamoja miaka kumi, akajulikana kwa ukweli wa vipimo vyake, ana haki ya kumwambia anayemrithi, "Nilipe kwa wateja hawa ninaokuachia." Hapo kuna jasho, na kilemba kina kichwa cha kukivaa. Lakini jengo lililomalizwa kupakwa rangi juzi, ambalo hakuna mteja aliyewahi kukanyaga sakafu yake, lina wateja gani wa kuuza? Ukisema ni mahali penyewe, mahali pameshalipiwa kwa kodi ya mwezi, ambayo katikati ya mji huwa kubwa kwa sababu hiyohiyo.

Baya zaidi ni lifuatalo. Wewe ukishaingia, ukawavuta wateja kwa bidii yako, kisha ukashindwa na kodi ukatoka, mwenye jengo humtoza anayekuja kilemba kingine, mara nyingi kikubwa kuliko chako. Wateja uliowatafuta wewe sasa anawauza yeye. Mwanagenzi ndiye aliyefanya kazi, na fundi ambaye hakuwahi kumfundisha chochote ndiye anayepokea zawadi.

Chukua mfano wa hesabu, wala si takwimu za mtu yeyote. Kijana ana mtaji wa shilingi 8,000,000. Akitoa 3,000,000 za gudwili na 2,100,000 za kodi ya miezi mitatu kabla, amebakiwa na 2,900,000 za kununua bidhaa, kutengeneza rafu na kulipa dalali. Duka linafunguliwa rafu zikiwa nusu tupu. Mteja akipita akaona utupu huo, haingii. Baada ya miezi sita watu husema vijana wa siku hizi hawajui biashara!

Tazama pia neno kodi. Kiswahili hulitumia kwa malipo yaendayo serikalini na kwa yale yaendayo kwa mwenye nyumba. Ile ya kwanza tunaijua kuipigia kelele. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakipinga mfumo wa risiti za kielektroniki, na wenzao wa Kariakoo walifunga yao Mei 2023 na tena Juni 2024 kwa malalamiko ya kodi. Ningependa kuona nusu ya hasira hiyo ikielekezwa kwenye kilemba, ambacho aghalabu hulipwa taslimu, mlango ukiwa umefungwa, pasi na risiti ya aina yoyote.

Sheria ipo. Uganda ilitunga Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji mwaka 2022. Inataka makubaliano ya upangaji yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi, inazuia kodi isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inamkataza mwenye jengo kumfukuza mpangaji pasi na amri ya mahakama. Ni kinga nzuri, lakini kinga hiyo haina nguvu kwa mtu asiye na karatasi mkononi. Atathibitishaje kodi iliyopandishwa ikiwa ile ya kwanza haikuandikwa popote?

Jirani zetu wa Kenya wanayo sheria ya mwaka 1965 inayolinda wapangaji wa maduka na hoteli, pamoja na baraza maalumu la kusikiliza mashauri yao. Humlinda hata yule asiye na mkataba wa maandishi, na yule ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Je, wajua wenye majengo walifanya nini? Wengi huandika mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu. Miezi ile mitatu haikuongezwa kwa ukarimu. Imewekwa ili mpangaji atoke nje ya ua wa sheria, naye hutia sahihi akidhani amependelewa.

Ndiyo maana nakutaka usome mkataba wote, hata kama dalali amesimama mlangoni akikuhimiza kwamba kuna mwingine anakuja na fedha. Kama lugha yake inakushinda, dai usomewe katika lugha uielewayo kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na ukitajiwa gudwili, uliza mbele ya shahidi: ni ya wateja wa nani, na je, nami nitakapotoka nitaruhusiwa kuipokea kwa atakayenirithi? Jibu lake, liwe ndiyo au hapana, liandikwe katika mkataba huo.