Mzee, mbuzi na neno 'lakini'

Mzee aliposimama kizimbani asubuhi ile alivua kofia yake, akatafuta pa kuiweka, akakosa, mwishowe akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Karani wa mahakama akamsomea shtaka kwa sauti ya mtu ambaye amesoma mengi tangu alfajiri na bado hajanywa chai. Kwamba yeye mzee, tarehe fulani, katika kijiji fulani, aliiba mbuzi mmoja wa thamani ya shilingi elfu sita, mali ya mlalamishi.

“Mzee, ni kweli ama si kweli?”

“Ni kweli,” akajibu mzee bila kusita.

Sisi waandishi wa habari tuliokuwa benchi la nyuma tulikwisha kuanza kuandika habari yetu. Kiongozi wa mashtaka akafungua faili. Hakimu, mama mmoja mpole, akainama kuandika. Hapo ndipo mzee alipokohoa kidogo, akaongeza:

“Lakini mheshimiwa, mbuzi ni wangu. Huyu anayelalamika ni mkwe wangu. Binti yangu yuko kwake mwaka wa saba huu na mahari hajamaliza. Aliahidi mbele ya wazee mbuzi kumi. Akaleta watatu, na mmoja wao alikuwa akikohoa.”

Mahakama nzima iliangua kicheko. Askari wa mlangoni alisahau kutuambia tunyamaze. Mkwe mtu akainama chini ya benchi akitafuta kitu ambacho hakikuwepo, na hakimu mwenyewe akavua miwani akawa anaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipoivaa tena, alifanya jambo ambalo mimi, mgeni wa mahakama siku hizo, sikulielewa. Aliandika kwamba mshtakiwa amekana shtaka.

“Amekana?” nikamnong'oneza mwenzangu, mkongwe wa kuripoti kesi. “Si amesema ni kweli?”

“Amesema ni kweli alimchukua mbuzi,” akanijibu. “Hakusema alimwiba.”

Msomaji mpenzi, tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo niliyotaka tuizungumze leo. Kuchukua na kuiba ni maneno ambayo nyumbani twayachanganya kila siku. Mtoto akila sukari twamwita mwizi. Lakini mbele ya hakimu, kati ya neno moja na jingine kuna mlango wa gereza. Wizi wa mifugo, na mbuzi ni mmoja wao, una adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14 nchini Kenya. Hebu mfikirie mzee wa umri ule.

Kanuni ya Adhabu yasema katika kifungu chake cha 8 kwamba mtu hana hatia ya jinai juu ya mali ikiwa aliichukua akiamini kwa moyo safi kwamba ana haki nayo, bila nia ya kulaghai. Usije ukanielewa vibaya. Sisemi kwamba ukimdai jirani uingie zizini mwake usiku ujilipe. Imani hiyo sharti iwe ya kweli, na hakimu ndiye atakayeipima baada ya kusikiza ushahidi. Ninachosema ni kwamba mzee alikuwa na la kujitetea, na lilistahili kusikizwa. Kama angenyamaza baada ya “ni kweli”, lisingesikika kamwe.

Najua kwa sababu nimemwona aliyenyamaza.

Alikuwa msichana wa kazi za nyumbani, hajafika miaka ishirini na mitatu. Alishtakiwa kumwibia mwajiri wake shilingi elfu tisa. Akaulizwa, “Ni kweli ama si kweli?” Akasema ni kweli. Kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo ya kesi, jinsi pesa zilivyokuwa kabatini na jinsi zilivyopatikana mkobani mwake. Akaulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli. Akatikisa kichwa kukubali, macho chini. Akapewa miezi sita. Askari alipokuwa akimrudisha seli ndipo alipomgeukia mama mmoja aliyeketi karibu na mlango, akamwambia huku analia: “Mama, ni mshahara wangu wa miezi mitatu. Alikuwa hataki kunilipa.”

Hakimu alikuwa amekwisha kuita kesi nyingine.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mwarobaini. Msichana yule hakusema uongo hata neno moja. Pesa alizichukua kweli, mkobani zilikuwa kweli. Aliulizwa akajibu. Kilichokosekana ni “lakini” tu.

Na uchungu wenyewe ni huu. Kifungu cha 348 cha sheria inayosimamia uendeshaji wa kesi za jinai chasema kwamba mtu aliyekiri kosa mbele ya hakimu na akahukumiwa kwa kukiri huko hana rufaa, isipokuwa kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Mahakama Kuu huweza kuingilia ikiwa kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini, lakini hadi faili ifike huko, mtu huwa amekula ugali wa jela wiki nyingi. Wahenga hawakukosea waliposema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mahakama zenyewe zinaijua hatari hii tangu zamani. Mwaka wa 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikihudumia Kenya, Uganda na Tanzania, iliamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Mwanafunzi yeyote wa sheria aijua kesi hiyo kama ajuavyo jina lake, nayo Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliyakariri mafunzo yake mwaka wa 1984. Mpango wenyewe ni huu. Shtaka na kila sehemu muhimu ya kosa vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Akijibu, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, kiongozi wa mashtaka asome yaliyotokea, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, kuyaeleza au kuongeza lake. Akipinga, au akisema jambo linalotia shaka hatia yake, hakimu abadilishe na kuandika kwamba amekana. Ni hapo tu asipopinga ndipo atiwe hatiani.

Kwa hivyo basi hakimu wa mzee wa mbuzi hakufanya hisani. Alifuata sheria.

Shida ni kwamba mpango huo mzuri hupitia kinywani mwa karani. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 50, yampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila kulipa chochote ikiwa haielewi lugha inayotumiwa. Kortini mkalimani huyo mara nyingi ni karani yuleyule anayebeba mafaili, anayeita majina na anayeulizwa na kila mtu choo kiko wapi. Wengi wao ni hodari ajabu, na wengine wao wametupa vicheko vya kutosha.

Nakumbuka ajuza mmoja, shahidi katika kesi ya mpaka wa shamba, aliyeulizwa kama aliona ua likihamishwa. Alieleza kwa lugha ya mama kwa muda wa dakika kumi hivi, mikono ikichora mipaka hewani, akainuka, akaketi, akainuka tena. Alipomaliza karani akasema: “Anasema hapana, mheshimiwa.”

“Yote hayo ni hapana tu?” hakimu akashangaa.

“Mheshimiwa, mengine ni kuhusu tabia za jirani.”

Na yupo babu aliyekuja kutoka mbali akaambiwa kesi yake ilikuwa ya kutajwa tu, arudi baada ya mwezi. “Nimelipa nauli kuja kusikia ikitajwa?” akauliza. “Mbona mimi huitaja kila siku nyumbani na hakuna anayenilipisha?”

Twacheka, lakini kicheko hicho kina mwiba. Wengi wetu tumelelewa kuitikia “ndiyo” mkubwa anaposema nasi. Hiyo “ndiyo” haina maana kwamba tumekubali. Ina maana kwamba tunasikiza na tunamheshimu. Sasa mweke mtu aliyelelewa hivyo mbele ya hakimu aliyeketi juu, askari wawili kando, na karani mwenye haraka. Atasema “ndiyo, mheshimiwa” kwa heshima tu, na heshima yake itaandikwa kwenye faili kwa Kiingereza kama kukiri kosa.

Tangu mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipotuingilia, mahakama zetu zimezoea pia kesi za mtandao. Mahabusu huweza kusomewa shtaka akiwa rumande, akimtazama hakimu kwenye kioo. Imepunguza safari na gharama, hilo hatukatai. Lakini mtambo ukikwama katikati ya sentensi, “si kweli” yaweza kufika upande wa pili ikiwa “kweli” peke yake. Ukiwa huko na hukusikia vizuri, inua mkono useme hukusikia. Hakuna hakimu atakayekufunga kwa kuuliza.

Kisha kuna ule ushauri wa korido. Kabla ya kuingia ndani, hutokea mtu akakuambia, “Kubali tu yaishe, utatozwa faini kidogo uende zako.” Anayekuambia hivyo hatakulipia hiyo faini, wala hatakwenda jela kwa niaba yako. Kama umekosa na moyo wako wakubali, kiri kiungwana uombe msamaha. Mahakama huzingatia hilo katika adhabu. Lakini usikiri jambo ambalo hukulifanya ili uwahi matatu ya saa nane.

Mimi si wakili, ila miaka ya kukaa benchi la nyuma imenifunza haya machache. Kama lugha huielewi, sema papo hapo, hata kama wajua kuomba maji kwa lugha hiyo. Ukiulizwa ni kweli ama si kweli, na ukweli wako una sehemu mbili, zitaje zote mbili. Maelezo ya kesi yanaposomwa, fungua masikio, maana ndiyo nafasi yako ya pili, na lile lisilo sawa likatae hapohapo. Na kama umekwisha kukiri kisha ukatambua kwamba umejikwaa, mwambie hakimu kabla hajatoa hukumu kwamba waomba kubadilisha jibu lako. Ana uwezo wa kukuruhusu.

Na sisi tulio nyumbani, tuwafunze vijana wetu, hasa mabinti tunaowatuma mijini kutafuta kazi, kwamba kumweleza mkubwa ukweli wako wote si utovu wa adabu.

Mzee wetu aliachiliwa kwa dhamana siku ile, na baadaye niliambiwa kwamba mkwe aliomba kesi iondolewe, wakaenda kuzungumza mbele ya wazee walewale wa mahari. Lakini kabla hajatoka mahakamani, alimwendea karani akamwuliza kuhusu mbuzi wake.

“Mbuzi ni kielelezo, mzee. Atakaa kituo cha polisi hadi kesi iishe.”

Mzee akavaa kofia yake, akafikiri kidogo.

“Ni kweli,” akasema. “Lakini atakula nini?”