Umeme ukikatika, daraja litashikwa na nini?

Mwenye kupanda pikipiki kwenye barabara zetu anajua kazi ya amortisere: inameza mtikisiko kabla haujafika mgongoni. Kule Uchina, kwenye daraja la ziwa Dongting, mvua ikichanganyika na upepo, kamba za chuma zenye kushika daraja zilikuwa zinacheza vibaya. Mwaka 2002 wakafungia kamba 156 amortisere mbili mbili, jumla 312. Lakini si zile tunazozijua. Ndani iko mafuta yenye unga wa chuma. Umeme ukipita kwenye waya uliozungushwa humo, sumaku inapanga ule unga sawa vile mnyororo, na mafuta yanakuwa mazito mara moja. Ukipunguza umeme, yanalegea.

Sasa, swali la mtu wa hapa kwetu: na umeme ukikatika? Kuna mitambo inayotumia mota kusukuma mzigo mzito juu ya ghorofa, kama Tokyo mwaka 1989. Hiyo, bila umeme haisukumi kitu. Ile ya mafuta inabaki amortisere ya kawaida. Nguvu inapungua, lakini haiachi kabisa. Kwa siye tunaolala gizani kila mara, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini tusidanganyane. Hii ni dawa ya vitu virefu vyenye kupinda. Nyumba ya matofali, kama zile tetemeko la Februari 2008 liliangusha Bukavu, inataka kwanza vyuma ndani ya kuta na simenti ya kutosha. Amortisere haina hata pa kufungiwa.